UZI: Wachezaji wa kikapu wa UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani) waliofanya kazi kubwa ila hawatajwi, tupeane uzoefu (naanza na Hasheem)

Wadau wa kikapu habarini za jioni. Huu uzi nimeuwaza muda mrefu ila juzi ndo imenibidi niuandike, maana tulikuwa tumekaa kijiweni baada ya mazoezi, dogo mmoja wa miaka kama kumi na sita akamtaja Hasheem Thabeet, Mtanzania mwenzetu aliyefika NBA, akasema "yule si garasa tu, walimchukua mbele ya Harden na Curry", watu wakacheka wote na mimi nikajisikia vibaya kweli. Dogo hajadanganya. Drafti ya 2009 (pale timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) Memphis walimchukua namba 2, Harden akaenda namba 3, Curry namba 7, na NBA mambo hayakwenda kama tulivyotamani. Ila dogo anamjua Hasheem kuanzia usiku ule wa drafti tu, miaka mitatu ya chuo pale Connecticut haijui kabisa.

Mimi 2009 nilikuwa sekondari, jioni nacheza Don Bosco pale Upanga. Simu ya intaneti sina, kwa hiyo nilikuwa napita kafe asubuhi kuangalia matokeo ya UConn. Sasa kuna Ijumaa moja mwezi wa tatu nimeingia saa moja asubuhi na jero yangu, nimepanga dakika tano tu niwahi namba, nakuta mechi ya UConn na Syracuse, iliyoanza usiku kule New York, bado inachezwa! Nafanya rifreshi, muda wa nyongeza wa tatu. Rifreshi tena, wa nne. Mpaka wa sita jamani. Imeisha saa mbili na dakika 22 asubuhi, kule kwao saa saba usiku, Syracuse 127 UConn 117. Mwenye kafe aliona navyohangaika akaniachia nikae bila kuongeza hela, na shuleni nilikula viboko vya kuchelewa. Mpaka leo sijutii.

Msimu ule Hasheem alikuwa na wastani wa pointi 13.6, ribaundi (mipira iliyokosa anayoiokota) 10.8 na bloku (mashuti anayoyazuia) 4.2. Mechi na Providence alipiga pointi 15, ribaundi 11, bloku 10. Bloku kumi kwenye mechi moja! Mchezaji bora wa ulinzi wa Big East, ile ligi ya vyuo waliyokuwa wanacheza, mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Anaondoka chuo ana bloku 417, na aliyemzidi katika historia yote ya pale ni Emeka Okafor peke yake. Na huyu ni mtoto wa Dar aliyeanza kushika mpira wa kikapu umri ambao wenzake wa Marekani tayari wana makocha binafsi.

Kuna ile klipu mnayotumiana sana, DeJuan Blair wa Pittsburgh anamvuta mkono anamrusha juu ya bega. Ile ilikuwa 16 Februari 2009, siku ya kuzaliwa ya Hasheem, katimiza miaka 22. Siku ile alizidiwa, hilo halina ubishi. Ila mwisho wa msimu tuzo ya mchezaji bora wa Big East walipewa wote wawili kwa pamoja, yeye na huyohuyo Blair, na sijawahi kuona mtu anaituma hiyo picha.

Haya, nimemaliza ya kwangu. Kila mtu alete mmoja wa UConn anayeona hajapewa haki yake, na useme ulimjuaje. Akina Ray Allen, Rip Hamilton na Kemba tuwaache, hao wanajulikana.

Mkongo wa Hartford

Asante sana kaka kwa uzi. Mie nimefika hapa Connecticut na familia, kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya usiku, kupakia mizigo kwenye ghala, baridi ile ya kwanza niliona nitakufa. Sasa kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani tulikuwa tunafanya naye shifti, shabiki wa UConn wa kufa, akaniona napenda kikapu ndiyo akanisimulia habari ya Stanley Robinson.

Huyu alikuwa timu moja na Hasheem. Mwaka 2008 mambo yake ya chuo hayakukaa sawa akawekwa pembeni nusu ya kwanza ya msimu, kijana mwenye kipaji kile akaenda kufanya kazi kwenye yadi ya vyuma chakavu pale Willimantic, karibu na chuo. Anaamka alfajiri, anavaa glovu, anachambua vyuma. Halafu akarudi timuni. Ile mechi ya muda wa nyongeza sita uliyoisema kaka, nenda kaangalie tena: Robinson pointi 28, ribaundi 14. Mtu aliyekuwa kwenye skrepa miezi michache tu nyuma!

Mzee alinisimulia ile hadithi usiku nilipokuwa nimeamua kuacha kazi. Sikuacha. Robinson alifariki Julai 2020, ana miaka 32 tu, tulikuwa bado kwenye korona, na mzee alinipigia simu analia. Ndiyo maana nikiona jezi ya UConn mie namkumbuka yeye kwanza.

Mama wa pointi gadi, Mombasa

Mie naandika kutoka Mombasa, hapa Makande ndipo nilipojulia huu mchezo. Nilicheza namba moja, yaani pointi gadi, yule anayeongoza mpira na kugawa pasi, miaka mingi na niwaambie ukweli, hakuna nafasi inayotukanwa kama hii. Timu ikishinda sifa ni za mfungaji, ikishindwa wewe ndiye uliyepoteza mpira.

Kwa hivyo wangu ni Taliek Brown. Timu ya bingwa 2004, ile ya Okafor na Ben Gordon waliochukuliwa namba 2 na 3 kwenye drafti moja, iliyompiga Georgia Tech 82-73 kwenye fainali San Antonio. Aliyekuwa akiwapa mpira ni nani? Taliek. Asisti (pasi za kufungisha) 722, rekodi ya chuo. Na wala hakuitwa kwenye drafti. Maneno yake yalikuwa yaleyale kila siku, hajui kushuti, hajui kushuti. Kweli shuti lake halikuwa zuri, lakini fainali ya Big East 2002 na Pittsburgh, muda wa nyongeza wa pili, saa ya shuti inakwisha, ni yeye huyo asiyejua kushuti aliyeachia mpira kutoka mbali sana, karibu na mstari wa kati, ukaingia wallahi. Wakabeba kombe.

Nami kocha wangu mmoja aliwahi kunambia mbele ya timu nzima nisishuti tena, nipasi tu. Nilikaa na lile neno miaka. Binti yangu sasa yuko namba moja vilevile, nimemwonyesha mpira ule wa Taliek mara nyingi hata yeye mwenyewe ananambia mama basi.

Mkubwa wa 99

Vijana salaam. Mimi 1999 nilikuwa masomoni Marekani, sio Connecticut, na pale bwenini sisi Waafrika watano ndio tuliokuwa upande wa UConn, wengine wote Duke. Duke walikuja fainali wamepoteza mechi moja tu msimu mzima. Watu wanakumbuka pointi 27 za Rip Hamilton. Mimi nakumbuka Ricky Moore.

Moore kazi yake ilikuwa kukaba. Hiyo tu. Siku ile kipindi cha kwanza akaamua kufunga na yeye, pointi 13, zikatubeba wakati wengine bado wana hofu, kipindi cha pili hakufunga hata moja maana alirudi kwenye kazi yake, kumkaba Trajan Langdon wa Duke. Dakika ya mwisho UConn mbele kwa pointi moja, 75-74, Langdon ana mpira, ukumbi wote unajua anaenda yeye. Anaingia, Moore kamganda kifuani, anazunguka huku, anazunguka kule, miguu ikamchanganya, refa akapiga filimbi kwamba katembea na mpira. Sekunde tano zimebaki. El-Amin wetu akapata mitupo huru miwili, 77-74, ubingwa wa kwanza wa chuo.

Sisi watano tulikumbatiana pale tukapiga kelele mpaka msimamizi wa bweni akaja. NBA hawakumchagua Moore. Nilirudi nyumbani nikafundisha vijana kikapu miaka kumi na zaidi, na kila timu niliyoishika nilianza kwa kutafuta nani Ricky Moore wangu kabla sijatafuta mfungaji.

Dogo wa Kampala

Wangu mfupi. Amida Brimah, Mghana, 2014. Wote mnamtaja Napier, sawa, ila mechi ya kwanza kabisa ya mashindano ya NCAA, yale ya ubingwa wa vyuo vya Marekani, UConn walikuwa wanatolewa na Saint Joseph's. Dakika ya mwisho, nyuma kwa pointi tatu, Brimah yuko mwaka wa kwanza, anaokota mpira uliokosa anafunga huku anachezewa faulo, halafu anaenda kwenye mstari na anatia. 70-70. Wakashinda nyongeza 89-81, wakaenda mpaka wakampiga Kentucky 60-54 fainali. Mtupo ule usingeingia hakuna kombe. Mimi ni senta na nashuti vibaya kwenye mstari, kila nikisimama pale namuwaza Brimah.

Mwanzisha uzi

Shikamoo mkubwa wa 99, na dada wa Mombasa asante, hiyo ya Taliek 2002 nilikuwa siijui, nimeitafuta sasa hivi nimeirudia mara nne. Mkongo wa Hartford ndugu yangu, pole kwa Robinson, nilikuwa nasoma jina lake kwenye yale makaratasi ya takwimu kila wiki na sikujua habari za vyuma chakavu.

Na mmenikumbusha Jeff Adrien, mwenzake Hasheem mle ndani ya boksi chini ya goli, mfupi kuliko masenta wote aliokuwa anawakaba, kamaliza chuo na pointi zaidi ya 1,500 na ribaundi zaidi ya 1,000, kwenye drafti hakuna aliyemtaja. Hasheem aliweza kuruka kubloku kila kitu kwa sababu alijua nyuma yake Adrien ataokota.

Yule dogo wa kijiweni nimemtumia huu uzi. Kajibu kwa sauti, anauliza zile bloku kumi za Providence zipo kwenye video au hamna, kesho jioni tunazitafuta pamoja kabla ya mazoezi.

Nani ana ya Scott Burrell? Machi 1990 na Clemson, sekunde moja imebaki, UConn nyuma 70-69, mpira wanautia toka chini ya goli lao. Tate George ndo anayeimbwa kwa lile shuti la 71-70, lakini aliyerusha ile pasi ya uwanja mzima ikatua mikononi mwa mtu ni Burrell. Kama kuna aliyekuwa anafuatilia enzi hizo aje.