Stikibeti za kuelea kwa kolekole na jodari: mbao au plastiki?

Mshipi_Mrefu
Assalaam aleikum wakuu. Kaskazi likishatulia tutatoka Shimoni kuingia mkondo wa Pemba, na fedha niliyo nayo inatosha ama stikibeti (vyambo bandia vyenye umbo la samaki) mbili za plastiki aina ya Maria Loaded F180, zenye gramu 75 kila moja, ama moja tu ya mbao iliyochongwa kwa mkono Japani. Naombeni ushauri kabla sijalipa.

Nahodha_Vanga
Waalaikum salaam ndugu yangu. Hujatuambia kati ya kolekole na jodari unamtafuta zaidi yupi, fimbo yako inarusha gramu ngapi, wala mshipi wako ni PE namba ngapi, yaani unene wa mshipi wa kusuka. Stikibeti ya kuelea haina ulimi wa kuizamisha. Kinachoizamisha ni mvuto wa fimbo, kwa hiyo fimbo iliyo laini kuliko chambo itakufanya uvute siku nzima huku chambo kikiteleza juu ya maji tu.

Kolekole_Mkuu
Mimi ni mtu wa mbao na sitaficha. Ukiivuta kwa mkupuo mmoja mrefu, huzama ikiburuta mkia wa mapovu na kujipinda kushoto na kulia, na ukiiachia huinuka polepole ikiyumba. Kolekole wengi huipiga pale inapoinuka. Sijaona plastiki inayoinuka namna hiyo.

Bi_Mkunguni
Kaka, kuinuka huko hudumu mpaka meno ya kwanza. Niliwahi kununua ya mbao kwenye duka moja mjini, muuzaji akiniapia kwamba imepakwa tabaka nyingi za vanishi. Asubuhi mzia aliiuma ubavuni na kuacha matundu madogo ambayo ungeyapita bila kuyaona. Kadiri jua lilivyopanda, chambo kilizidi kukaa chini majini, na jodari walipotokea wakivuruga maji mbele ya boti, nilikuwa navuta kitu kilicholewa maji, kisichotaka kurudi juu. Nilipokikagua nyumbani, rangi ilikuwa imevimba kuzunguka pete ya tumboni na waya wa ndani ulikuwa unacheza. Dukani nikaambiwa hayo ni matumizi ya kawaida. Tangu hapo natumia plastiki, ingawa nakubali kwamba nayo hupasuka ikigongwa kwenye mwamba.

Kolekole_Mkuu
Pole sana dada, lakini tundu la jino huzibwa hapo hapo botini: kausha kwa kitambaa, tia tone la supaglu, kisha ukifika nyumbani ukae nayo siku kadhaa kivulini kabla ya kuipaka epoksi. Mbao inataka matunzo.

Fundi_Ndoana
Mnabishania mwili wa chambo na kusahau kinachoning'inia chini yake. Funga pete na ndoana utakazotumia, kisha uitie kwenye ndoo ya maji ya bahari, si ya bomba, kwa kuwa maji ya chumvi hubeba zaidi. Nyingi zimeundwa zikae mkia chini na kichwa kikichungulia. Ikizama hadi machoni, ndoana ni nzito mno. Ikilala juu kabisa, itaruka nje ya kila wimbi. Mimi hufunga za ncha moja, moja tumboni na moja mkiani, kwa sababu kolekole hutoka nazo bila kuchanika.

Nahodha_Vanga
Kwa kolekole nakubali. Kwa jodari, tumboni sifungi ila ya ncha tatu, maana jodari huipita stikibeti kwa kasi na kuigonga ubavu, na ncha moja mara nyingi hukosa nyama.

Fundi_Ndoana
Mzee wangu, kwa heshima zote, ncha tatu hizo hizo ndizo hunyooka, kwa kuwa kila ncha ni nyembamba kuliko ndoana moja nene, na samaki akijipinda hutumia ncha moja kama wenzo wa kung'oa nyingine.

Mshipi_Mrefu
Nashukuru nyote. Namtaka kolekole, ila jodari akija simkatai. Fimbo nimeazima kwa mjomba. Anasema ni ya popa, kile chambo cha kurusha maji juu.

Nahodha_Vanga
Na mshipi je? Fimbo ya popa kwa kawaida ni ngumu na itairusha gramu 75 bila taabu, lakini kwa kolekole wa kwenye miamba mimi sishuki chini ya PE 8. Pia usivute ukifuatana na wimbi linalokuja kwako, kwani chambo kitateleza usoni mwake na kutoka nje. Mwombe nahodha aiweke boti ili uvute kwa kukata mawimbi, ncha ya fimbo ikiwa chini.

Bi_Mkunguni
Tena mkumbushe nahodha mipaka, maana ndani ya hifadhi ya Kisite uvuvi hauruhusiwi kabisa.

Kolekole_Mkuu
Fundi, nirudi kwenye ndoo yako: yangu ya mbao hukaa sawa kwa ncha tatu alizopendekeza mtengenezaji, lakini nikifunga za ncha moja hulala juu mno. Uzito uliopungua niurudishe kwa pete kubwa zaidi, au kwa kuzungushia waya wa risasi kwenye shina la ndoana?

Fundi_Ndoana
Anza na pete ya mkiani peke yake, kisha uirudishe ndooni kabla hujagusa ya tumboni.