Ushauri: je, nyuzi za yaki zinafaa kwa masweta ya kufuma?

Binti_Makete
Habari zenu wanajamvi. Ninasoma Xining, mji mkuu wa jimbo la Qinghai nchini China, ambako yaki, yule ng'ombe wa milimani mwenye manyoya yanayokaribia kugusa ardhi, ni mnyama wa kawaida kama mbuzi alivyo kwetu. Ninakusudia kupeleka nyuzi zake nyumbani Makete, ili kikundi chetu cha akina mama wanaofuma masweta kiachane na akriliki, yaani uzi wa plastiki wa kiwandani, ambao katika baridi ya Juni haumsaidii mtu. Naomba wenye uzoefu wanieleze faida zake, na kama sufu hii huwasha mwilini. Nitashukuru nikijibiwa leo.

Mkunazi
Nimeona nyuzi nyingi humu, lakini uzi unaohusu uzi ni mara yangu ya kwanza. Navuta kiti.

Sindano_Mbili
Dada, mimi hufuma hapa Bergen, Norwei, na yaki nimeshamfuma mara kadhaa. Mnyama huyu ana singa ndefu na ngumu za nje, ambazo Watibeti husokotea kamba na kufumia mahema yao meusi, na chini yake ana nywele za malaika zinazoota kwa ajili ya majira ya baridi. Hizo za chini ndizo zinazofumiwa nguo. Unene wake ni kati ya maikroni (elfu moja za milimita) 15 na 20 hivi, yaani zinakaribiana na sufu ya mbuzi wa kashmiri, nazo huchanwa kwa mkono mnyama anapozipukutisha baridi inapokwisha. Ni laini, zina joto kubwa kwa uzito mdogo, hupitisha jasho, na hazina mafuta mengi kama sufu ya kondoo. Kuwasha hutokea pale singa zisipochambuliwa vizuri. Kasoro zake ni kwamba nywele ni fupi, kwa hiyo sweta huota vinundu kwapani, na kwamba hazinyumbuliki kama merino, ile sufu laini ya kondoo, kwa hiyo mikono na kiuno vifumwe kwa sindano nyembamba zaidi.

Babu_Kitulo
Mwaka 1981 nilinunua sweta la sufu la mtumba pale Mbeya, zuri ajabu, na mke wangu akalifua kwa maji ya moto na kulisugua kama anavyosugua magunia. Lilipokauka lilimtosha mtoto wetu wa miaka minne, naye alilivaa mpaka akaanza shule. Waambie akina mama wafue kwa maji ya uvuguvugu, wasikamue kwa kusokota, na walianike kwa kulilaza kivulini.

Sindano_Mbili
Babu amesema kweli, na yaki naye ni hivyo hivyo. Lakini mleta mada, mbona una haraka? Nyuzi hizo ni za rangi gani, na muuzaji anataka bei gani?

Binti_Makete
Ni nyeupe kama maziwa, kilo 10, ambazo kwa gramu 400 kwa sweta zitatoa masweta 25. Bei yake ni kama ya sufu ya kawaida ya kondoo, na ndiyo maana sikutaka bahati hii inipite.

Sindano_Mbili
"Sikutaka inipite" maana yake umeshalipa?

Binti_Makete
Nimelipa nusu tu. Fedha ni za kikundi, walizonitumia ninunue mashine ya kufumia, lakini naamini wakiligusa sweta la kwanza watanishukuru. Mashine tutanunua baadaye. Tafadhali turudi kwenye faida za nyuzi.

Mama_Ibada
Mwanangu, fedha ya kikundi ni amana. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa miaka saba, na nimeona undugu ukivunjika kwa kiasi kidogo kuliko hicho. Wapigie simu kabla hawajakupigia wewe.

Sindano_Mbili
Kwa upande wa nyuzi, weupe huo unanitia shaka. Yaki wengi ni weusi au wa kahawia, na uzi wao ukitakiwa kuwa mweupe lazima utiwe dawa ya kung'arisha, ambayo huudhoofisha.

Binti_Makete
Muuzaji anasema ni wa yaki weupe wa Tianzhu, katika jimbo la Gansu.

Sindano_Mbili
Yaki weupe wa Tianzhu wapo kweli na wanajulikana. Ila mnyama anayesifika kwa weupe wake katika wilaya moja, uzi wake ungepaswa kuwa ghali kuliko ule wa kahawia. Iweje uuzwe kwa bei ya kondoo?

Shahidi_wa_Nne
Mnapoteza muda. Mleta mada amejiunga juzi, ameandika Kiswahili cha kitabuni, na ana kikundi cha akina mama, amana na ng'ombe wa theluji katika kisa kimoja. Subirini, kesho ataweka namba ya muuzaji.

Mkunazi
Kama ni tangazo, ni la kwanza linalotutisha tusinunue.

Binti_Makete
Sina cha kuuza. Nimechoma kipande cha sampuli sasa hivi bwenini: kimenuka nywele zilizoungua, na majivu yamesagika vidoleni. Akriliki ingeyeyuka na kuacha kidonge kigumu, kwa hiyo sikutapeliwa.

Shahidi_wa_Nne
Nywele za kondoo zikiungua hunuka marashi?

Sindano_Mbili
Hapo Shahidi ana hoja. Moto umethibitisha tu kwamba ni nywele za mnyama; ni mnyama gani, hilo huonekana kwa hadubini. Chuoni kwenu hakuna maabara? Usilipe nusu ya pili kabla ya hapo.

Binti_Makete
Maabara ipo, inafunguliwa kesho saa mbili asubuhi, na muuzaji anataka malipo saa sita mchana. Mweka hazina wetu amenipigia mara mbili tangu nianze uzi huu. Sijapokea.

Babu_Kitulo
Pokea, mjukuu wangu. Kisha uniambie sweta la mzee mwenye kitambi linakula gramu ngapi, maana hizo 400 sidhani kama zitafika kitovuni.