Tupeane uzoefu: umeitwa kwenye usaili na huna pa kulala (wa Tanga tukutane hapa)

Mwenyeji wa Ngamiani
Wakuu, habari za muda huu. Kuna kijana mtaani kwetu, kodi ilimshinda, mwenye nyumba akamtolea vyombo nje. Sasa analala barazani kwa duka, mwenye duka amemruhusu. Wiki hii ameitwa usaili wa ukarani wa ghala. Ananiuliza, "Kaka, wakitaka kujua ninaishi wapi nijibu nini?" Nimekosa jibu la maana. Humu najua wamo waliopita huko, naomba mtueleze mliyoyaona wenyewe. Kejeli hapana, huyu ni mtoto wa watu.

Mtoto wa Duga
Mkuu, mimi nililala stendi ya Kange kipindi kirefu tu. Nguo za usaili usilale nazo hata kama umezifunga kwenye mfuko. Zangu, suruali na shati la mtumba nililonunua Mgandini, alinitunzia fundi cherehani mmoja, zilining'inia kwenye msumari kibandani kwake. Asubuhi akanipigia pasi ya mkaa na hela hakutaka. Kuoga, bafu la kulipia, uende kabla abiria wa mabasi ya asubuhi hawajapanga foleni. Usiku ule wa mwisho nilihamia karibu na msikiti, maana simu ilikuwa haina chaji na nilijua adhana ya alfajiri itaniamsha. Mwambie pia asiende na njaa. Chai na maandazi mawili, sauti inatoka vizuri.

Bint Makorora
Kabla ya nguo, karatasi. Wengi tunadhani barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa ni ya wenye nyumba na wapangaji, basi tunaogopa hata kupita ofisini. Mimi nilikuwa nalala jikoni kwa mama ntilie niliyekuwa namwoshea vyombo. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa kabla sijaomba kazi hata moja, nikamweleza hali yangu kama ilivyo. Akaniuliza nani ananifahamu pale. Mama ntilie akaja na aproni yake, na mjumbe akaitwa, wote wakasema, "Huyu ni wetu." Barua ikaandikwa, ikagongwa muhuri. Kwa hiyo huyo kijana aende na mwenye duka. Mtu anayekuona kila siku ana uzito kuliko risiti ya kodi.

Halafu namba ya NIDA aikariri, tarakimu zote 20, maana mifuko huibiwa usiku. Vyeti avipige picha steshenari na ajitumie kwenye barua pepe yake mwenyewe. Vyangu mwenye nyumba alivizuia kwa deni, nakala za kwenye barua pepe ndizo zilizonifikisha kwenye usaili.

Saidia Fundi
Mimi walinihoji kwa kazi ya ulinzi. Swali la makazi lilikuja mapema. Nikajibu, "Nipo Mikanjuni, na saa kumi na mbili asubuhi naweza kuwa getini kila siku." Mikanjuni nilikuwepo kweli, sikusema nina nyumba. Wakauliza ile miaka isiyo na ajira nilikuwa wapi. Nikawatajia kubeba samaki Deep Sea na kuchanganya zege kwa mafundi, na nani nilimfanyia. Vibarua ni kazi jamani, msiviache kwenye wasifu! Kudanganya mtaa ndiko nisikokushauri, wakituma mtu kuhakiki utaonekana mwongo kwa jambo ambalo halikuwa kosa.

Upande wa Pili wa Meza
Nimeshughulikia ajira Pongwe na mjini. Ninapouliza unaishi wapi, nataka kujua kama utawahi zamu na kama nitakupata kwa dharura. Saidia Fundi alijibu hilo hasa. Unalala chumbani au barazani halinihusu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi, na "hali ya maisha" imetajwa humo. Mwombaji kazi naye analindwa, hata kabla hajaajiriwa. Akitaka kueleza hali yake aieleze, asipotaka asilazimishwe.

Kinachowaponza wengi ni simu. Tunapiga, haipatikani, tunampigia anayefuata kwenye orodha. Aweke namba ya pili ya mtu anayepokea simu na anayejua jina lake kamili.

Chumbageni Kwetu
Nyongeza fupi. Nilipigiwa na mtu akanitaka nitume hela kwanza nipate kazi Chongoleani, kwenye lile bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda. Tapeli. Mwenye shida ndiye wanayemwinda. Ukiombwa hela ya fomu au ya sare kabla ya usaili, kata simu.

Mwenyeji wa Ngamiani
Ahsanteni sana, nimemsomea yote, mengine mara mbili. Kesho asubuhi tunakwenda kwa mwenyekiti yeye, mimi na mwenye duka. Namba ya pili itakuwa yangu. Shati lipo, kilichobaki ni viatu. Anavaa 42, ndala tu ndizo alizonazo, na usaili ni Alhamisi. Aliye navyo vya ziada aniandikie pembeni nivifuate popote mjini.