Mudogo wangu iko na bipola, naomba mawazo yenu
Jambo bandugu, miko hapa Bukavu, ku Kadutu. Munganga alisema mudogo wangu iko na bipola, ile ugonjwa ya akili yenye inapandisha mutu roho sana kisha inamushusha, sasa tunashindwa vile ya kuishi naye. Akipanda anapitisha busiku mbili tatu bila kulala, anasema mbio mbio, hata alishaka kuuzisha bitenge bya mama bei ya bure juu anataka kununua kamio (kamio, na permi hana!), ukimukataza unakuwa adui. Kisha anashuka, wiki muzima kulala tu, kuoga hapana. Ku kanisa banasema ni pepo, miye nakataa, pepo gani inasikia dawa? Juu litiyumu, dawa yenye munganga alimupa, ilimusaidia sana, ila akijisikia muzuri anaiacha eti amepona. Na ile dawa inaomba kupima damu kila mara, kuangalia figo na tiroide (ile tezi ya mu shingo), anywe maji, asikate chumvi gafula, na vipimo ni franga.
Benye muko na mutu wa vile mu nyumba, munajua je kama anaanza kupanda? Kwetu usingizi njo unakimbiaga kwanza. Na franga yake nani anachunga bila kumufanya mutoto? Iko na miaka 31.