Bunduki ya maji ya kujitengenezea: ya kusukuma kwa mkono, ya chupa na hewa, au pampu ya mgongoni?

Mjomba wa Arua
Ndugu wanachama, salaam. Wapwa zangu wanne watakuja kwangu likizo ya Desemba, na wameomba bunduki ya maji. Vipande vya mabomba ninavyo, vilibaki tulipoingiza maji nyumbani, nami nashindwa kuchagua kati ya bomba lenye mchi wa kusukuma kwa mkono, chupa ya soda inayojazwa hewa kwa pampu ya baiskeli, na pampu ya mgongoni ya kunyunyizia dawa shambani. Nakiri kwamba wiki iliyopita nilijaribu njia ya nne: nilichukua bomba la kijivu la maji machafu, nikaziba ncha zake kwa vifuniko na gundi, nikatia valvu ya tyubu, kisha nikaanza kujaza hewa. Sikumbuki nilisukuma mara ngapi kabla kifuniko hakijang'oka na kuupiga mlango wa jiko, ambao una kishimo hadi leo.

Fundi Bomba, Kampala
Pole, Mjomba, na ushukuru kwamba kilichong'oka ni kifuniko, si bomba lenyewe kupasuka. Bomba la maji machafu halikutengenezwa kubeba presha hata kidogo. Hata lile la PVC (plastiki ngumu) lililopigwa chapa ya PN 10, yaani la kubeba presha ya hadi bar 10, limekadiriwa kwa maji ya baridi, si kwa hewa. Maji karibu hayabanwi, kwa hiyo bomba lililojaa maji likipasuka presha huisha papo hapo. Hewa iliyobanwa hutanuka kwa nguvu, na kwa kuwa PVC huvunjika kwa vipande vyenye makali, vipande hivyo hurushwa kila upande. Njia yoyote inayohifadhi hewa ndani ya PVC uiondoe kabisa kwenye orodha yako.

Mimi ningechagua mchi. Kata bomba la inchi moja lenye urefu wa nusu mita, uzibe mbele kwa kifuniko chenye tundu la milimita 3, na mpini uwe wa ufagio. Kazi yote iko kwenye washa, yaani kile kizibo cha duara kwenye ncha ya mpini kinachozuia maji yasivuje. Ukikosa washa ya ngozi ya pampu ya baiskeli, kata miduara miwili kutoka kwenye soli ya kandambili, mipana kuliko tundu la bomba kwa unene wa ukucha tu, uibane kati ya washa mbili za chuma kwa skrubu, kisha upake mafuta ya kupikia. Ikivuja, ni kwa sababu umekata kwa haraka, kata nyingine.

Mwalimu wa Fizikia, Jinja
Naunga mkono, na naongeza sababu ya kutotumia bomba la inchi mbili, ingawa wengi hudhani kubwa ndiyo kali. Bomba la inchi moja lina eneo la takriban sentimita 5 za mraba ndani, hivyo mtoto akisukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10 anapata presha ya bar 2 hivi (bar ni kipimo cha presha). Kwenye inchi mbili, nguvu ileile inatoa nusu bar tu.

Chupa nayo ina sifa yake. Lonnie Johnson, mhandisi wa Marekani aliyepata wazo hili mwaka 1982 alipokuwa akijaribu pampu ya joto (mtambo wa kuhamisha joto) bafuni kwake, alitumia mabomba ya PVC na chupa ya soda katika mfano wake wa awali, na bunduki yenyewe ya maji, iliyokuja kujulikana kama Super Soaker, iliingia sokoni mwaka 1990. Chupa ya soda imeundwa kubeba gesi. Itoboe kifuniko chake na ukifunge kwenye tii ndogo ya shaba (kiungio chenye midomo mitatu) kwa nipo, yaani kiungio kifupi chenye nyuzi, na washa za mpira. Upande mmoja wa tii uwe na valvu ya pampu, upande wa pili koki na mdomo.

Usiijaze maji hadi juu. Chupa ya lita 2 yenye lita moja ya maji, ikipigwa hewa hadi bar 2, huanza kurusha maji kwa kasi ya takriban mita 20 kwa sekunde, lakini hewa inapotanuka presha hushuka hadi nusu bar, na kasi hubaki mita 10. Ukiijaza maji theluthi moja tu ya chupa, presha inaishia kwenye bar 1, na mita 14. Ila kabla ya kuitumia, ipime uimara mara moja ikiwa imejaa maji tele, kwa sababu aliyoitaja Fundi, tumia pampu yenye geji, na usivuke bar 2.

Mkulima wa Kahawa, Kasese
Kuhusu pampu ya mgongoni, kama imewahi kutiwa dawa, jibu ni hapana, hata ukiisuuza mara kumi, kwa sababu dawa hubaki kwenye plastiki na mipira yake. Mpya inafaa, ila ile ya lita 16 ikijaa inampa mtoto zaidi ya kilo 16 mgongoni, na wapwa wanne watamaliza jerikeni kadhaa kabla ya chakula cha mchana. Sisi tunaonunua maji tunaliona hilo kwanza.

Mjomba wa Arua
Nashukuru sana. Je, kwenye chupa niweke koki ya kawaida niliyonayo?

Fundi Bomba, Kampala
Hapana. Hiyo huzungushwa mara nyingi, na maji huanza kwa kudondoka. Nunua koki ya mkono ya nusu inchi, inayofunguka kwa robo mzunguko.

Mjomba wa Arua
Basi wadogo watatu watapata michi, mkubwa atapata chupa, na pampu ya baiskeli itakaa chumbani kwangu. Kandambili moja imeshakatwa. Mwenyewe bado anaitafuta.