Darasa la awali na uji wa saa nne: gumzo la wazazi wa Pasua, Moshi

Mama Neema, saa 12:15 jioni
Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni majirani wote. Leo nilipompeleka Neema darasa la awali sikuondoka mara moja. Nilisimama dirishani karibu saa nzima. Nilihesabu watoto 112 na mwalimu mmoja. Walioko nyuma wamekalia mifuko ya simenti iliyokunjwa, na ilipokaribia saa nne wengi walikuwa wamelaliana mabegani, kwa sababu walitoka nyumbani bila kitu tumboni. Naomba tusianze kwa kumtafuta wa kulaumiwa. Naomba tuzungumze kuhusu lile ambalo sisi wa mtaa huu tunaliweza, kama kuwachangia uji wa saa nne, kabla mvua za masika hazijaanza.

Mzee Mjumbe, saa 12:31 jioni
Marahaba, Mama Neema. Tangu Januari 2016, elimumsingi ilipoanza kutolewa bila malipo, wazazi wengi waliokuwa wakiwabakiza watoto nyumbani wamewaandikisha, na hilo ni jema, lakini vyumba na walimu havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Natahadharisha jambo moja tu mapema: mchango wowote tutakaokubaliana uwe wa hiari, upitie kwenye kamati ya shule na uandikwe, na asitokee mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakutoa. Mnajua kelele zilizotukuta kwa ajili ya mchango wa madawati.

Baba Ombeni, saa 12:40 jioni
Mimi nitasema ukweli wangu, mnisamehe. Ombeni ameanza awali mwezi uliopita, na kila nikimuuliza amefundishwa nini ananiambia wameimba, wamecheza na wamepanga vifuniko vya soda. Mtoto wa kaka yangu anasoma kituo cha kulipia. Ana miaka 4, anaandika jina lake na anahesabu hadi 100 kwa Kiingereza. Kama tuna fedha za kuchanga, tumtafute kijana aliyemaliza kidato cha sita awafundishe watoto wetu jioni, wasije wakaingia darasa la kwanza mikono mitupu. Kucheza wanacheza hata hapa uani kwangu, bure.

Mwalimu wa Awali, saa 1:22 usiku
Poleni kwa kuchelewa kujibu, umeme ulikatika nikawa nasubiri simu ipate chaji.

Baba Ombeni, sikulaumu, kwa sababu swali lako huulizwa na wazazi wengi, ila wengi huniulizia mgongoni. Nikueleze nilichokiona wiki iliyopita. Ninaye mtoto mmoja aliyetokea kituo cha kulipia, na kwa kweli anahesabu hadi 100 bila kukosea. Nilimwomba aniletee vifuniko 5. Aliniletea konzi nzima. Nikamwambia tuhesabu pamoja, akaanza kuimba namba upesi huku kidole chake kikienda polepole, na alipofika 14 kidole kilikuwa bado kwenye kifuniko cha sita. Anajua wimbo wa namba, lakini hajajua kwamba tano ni kitu anachoweza kukishika. Hicho ndicho ninachokitafuta kwa vile vifuniko, na hakipatikani ubaoni.

Kuhusu kuandika, mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa umri huo bado ni gegedu, yaani mfupa laini usiokomaa, kwa sehemu kubwa na misuli ya vidole haijakomaa, ndiyo maana mtoto anayelazimishwa huikamata penseli kama mwiko wa ugali na kuchoka mstari wa pili. Akifinyanga udongo, akitunga shanga, akimenya karanga, akicheza mdako hata ule rahisi wa kurusha jiwe moja, mkono unajiandaa wenyewe. Na vipindi vyetu ni vya dakika 20 kwa sababu mtoto wa miaka 5 hatulii zaidi ya hapo. Ukimwongezea masomo ya jioni baada ya kutwa nzima, utamfundisha kuichukia shule.

Shida yangu ni idadi. Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Nikiwagawa katika kona za michezo, yaani sehemu za darasa zenye zana za kuchezea na kujifunzia, siwezi kuwa kwenye kona zote, kwa hiyo nalazimika kuwakalisha wote na kuwaimbisha. Hapo nakubaliana nawe, Baba Ombeni: nyimbo zimezidi. Si kwamba nazipenda kuliko kazi nyingine. Ndicho kitu pekee ambacho mtu mmoja anaweza kufanya na watoto 112 bila mtoto kuumia.

Mama Neema, saa 1:30 usiku
Mwalimu, ungepata wazazi wawili au watatu kila siku wa kukaa kwenye hizo kona, ingekusaidia?

Mwalimu wa Awali, saa 1:33 usiku
Ingenisaidia kuliko fedha. Nitaomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, na majina yaandikwe, kwa kuwa si kila mtu anaachiwa kuingia kwenye watoto wadogo, hata akiwa jirani yetu.

Bibi Anansia, saa 1:41 usiku
Ninaandikiwa na mjukuu wangu, miwani imevunjika. Nimesikia habari za vifuniko nikacheka. Sisi tulihesabia maharage. Hapa kwangu kila Jumamosi nawawekea wajukuu ungo wa maharage mchanganyiko, huyu anachambua ya njano, huyu mekundu, huyu anatoa mawe, na anayemaliza ananiambia amepata mangapi ndipo nayatia chunguni. Wakichoka nawatolea vitendawili. Juzi niliwaambia, “Nyumba yangu haina mlango,” wakasema yai, nikawauliza yai lina silabi ngapi, wakapiga makofi mawili, ya-i. Hayo makofi nilijifunza kwa Mwalimu mwenyewe siku ya kikao cha wazazi, sikuyazua. Mimi naweza kuja shuleni siku moja kwa wiki, tatizo langu ni magoti.

Mama Jabiri, muuguzi, saa 1:58 usiku
Asalaam alaykum, na habari za jioni. Niseme kuhusu uji, kwa sababu najua utakuja mzigo wa unga wa lishe wenye nafaka saba na kila mtu atafurahi. Mahindi, mtama, ulezi, mchele na ngano vyote kwa sehemu kubwa ni wanga. Ukivichanganya vyote hujaongeza lishe, umeongeza gharama. Nafaka moja au mbili zinatosha, kisha tuongeze kitu cha kujenga mwili kama maziwa, dagaa waliosagwa au karanga, na pembeni tunda, parachichi au ndizi mbivu, ambavyo hapa Moshi havitushindi.

Ila karanga tuwe nazo makini sana. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zisiingie, wala tusinunue zilizokwisha kusagwa ambazo hatujui zilivyokuwa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiishi kwa kuchemsha uji. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mtoto mdogo ndiye mwepesi zaidi kudhurika. Bibi Anansia na ungo wake ndio tunaowahitaji hapo, awachambulie.

Mzee Mjumbe, saa 2:05 usiku
Hilo la karanga sikulijua. Mke wangu ameshaamka kwenda kukagua debe lake.

Dada Rehema, saa 2:19 usiku
Samahanini wakubwa, wangu hajafika umri wa shule, ana miaka 2 na nusu, sijui kama swali langu lina nafasi hapa. Mimi huwa Mbuyuni sokoni kuanzia saa 11 alfajiri kushusha ndizi. Namwacha kwa jirani, naye kwa kuwa ana kazi zake humpa simu aangalie katuni hadi ninaporudi saa 8. Siku hizi mtoto ni mkimya. Nikimuita haitiki, lakini akisikia sauti ya tangazo la kwenye simu anageuka mara moja. Nimeanza kuogopa.

Mama Jabiri, muuguzi, saa 2:27 usiku
Lina nafasi, Rehema, tena hilo ndilo lingepaswa kuwa la kwanza. Serikali ilizindua Desemba 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na inamtazama mtoto tangu mimba hadi miaka 8, kwa sababu akifika awali akiwa na miaka 5 sehemu kubwa ya ubongo wake imeshajengwa. Katika mambo yake matano yapo afya, lishe, ujifunzaji na ulinzi, na lipo hili wanaloliita malezi yenye mwitikio, maana yake mtoto akikutazama umtazame, akitoa sauti uitikie, akionyesha kitu ukitaje jina. Simu haimjibu mtoto.

Kesho kutwa mlete kliniki na kadi yake, tumpime masikio kwanza kabla ya kusema ni simu. Usiogope, lakini usichelewe.

Na ukiwa naye sokoni siku ya mapumziko, mwachie apange ndizi nawe ukisema: hii mshare ya kupika, hii ya kuiva, hii kubwa, hii ndogo, moja, mbili. Ni kazi ile unayoifanya kila siku, umeongeza maneno tu.

Bibi Anansia, saa 2:35 usiku
Rehema mwanangu, huyo mtoto mlete kwangu. Kwangu hakuna simu, kuna kuku.

Mzee Mjumbe, saa 2:38 usiku
Bibi, kwa mtoto mmoja wa jirani hakuna neno. Wakianza kuwa wengi itabidi tufuate utaratibu, kwa kuwa kituo cha kulelea watoto mchana husajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii.

Bibi Anansia, saa 2:40 usiku
Mjumbe, namlea mjukuu, sifungui ofisi.

Mama Neema, saa 2:52 usiku
Ninaandika tulipofika, mtanisahihisha. Jumamosi saa 3 asubuhi, Mwalimu Mkuu akiridhia, tukutane shuleni. Kila mwenye vifuniko, mabua, vibuyu au vitambaa vya rangi aje navyo, tushone mikeka na kutengeneza zana za kona. Bibi Anansia na Mama Jabiri watasimamia uchambuzi wa karanga. Kamati ya shule itapokea unga, kila mtu kwa uwezo wake, hata kikombe kimoja. Zamu za wazazi zianze Jumatatu. Mimi nachukua Jumatatu na Alhamisi. Akina baba, bado sijaona jina hata moja.

Baba Ombeni, saa 3:10 usiku
Andika langu Jumatano, ila nitoke saa 5 nikatafute hesabu ya bajaji, ile fedha ya kumpelekea tajiri. Nataka nikione hicho kifuniko cha tano kwa macho yangu. Suala la Kiingereza sijaliacha, tutalizungumza mwisho wa muhula. Kuni za kupikia uji nitazibeba Jumamosi, na Bibi Anansia nitampitia saa 2 na nusu asitembee na magoti hayo.

Bibi Anansia, saa 3:14 usiku
Asante mwanangu. Usipige honi getini, ng'ombe amezaa juzi na anashtuka. Shuka ubishe hodi.