Mjadala: Mtambo unaoona upimwe kwa shabaha pekee, au pia kwa ukweli wa shaka yake?

Mkaazi wa Tudor: Ndugu zangu, siku gari la kujiendesha litakapoletwa Mombasa, tudai kipimo gani kabla halijapita kati ya watu pale Mwembe Tayari? Kipimo kilichozoeleka, mAP (wastani wa usahihi wa kugundua vitu), hupanga majibu ya mtambo kuanzia yenye uhakika mkubwa hadi yenye uhakika mdogo, kisha hutazama kama kila kisanduku ambacho mtambo umekichora kwenye picha kimekilalia kitu chenyewe vya kutosha. Hakiulizi kama mtambo unaosema "huyu ni mtu, asilimia 90" hupatia kweli mara 9 katika 10. Ukizigawa alama zake zote kwa 2, mfuatano haubadiliki, na mAP inabaki ile ile. Kwa chombo chenye magurudumu, hilo halitoshi.

Fundi wa Changamwe: Kipimo unachokidharau ndicho kilichoifikisha taaluma hii hapa. PASCAL VOC, shindano la kutambua vitu pichani, ilitumia kizingiti cha 0.5, yaani eneo ambalo kisanduku cha mtambo na kile cha kweli vinalaliana liwe angalau nusu ya eneo lote la viwili hivyo. COCO, hazina ya picha za kufunzia na kupimia mitambo, ikakaza, ikachukua wastani wa vizingiti 10, kuanzia 0.5 hadi 0.95. Mwenye kujali usalama hutaka kujua kama mtu ameonekana au hakuonekana, na kuuruhusu mtambo utangaze shaka ni kumpa mtengenezaji kisingizio. Isitoshe, barabara zilizojaa mikokoteni hazifai kwa mtambo wowote. Tuzisafishe kwanza.

Binti wa Kongowea: Bwana Fundi, neno "tuzisafishe" limenichoma. Viazi unavyokula vimetoka sokoni juu ya mkokoteni, na anayeusukuma si taka. Tazama aina 80 za vitu katika COCO: twiga yumo, pundamilia yumo, lakini mkokoteni haumo, wala tuktuk. Mtambo uliofunzwa kwa orodha hiyo utamwita hamali wetu nini?

Fundi wa Changamwe: Sikumtukana mtu, na sipendi kusingiziwa. Ongezeni picha za mikokoteni, tatizo litakwisha. Hapo uwezekano, hizo asilimia zako, unaingiaje?

Mkaazi wa Tudor: Unaingia hapo hapo, kwa sababu hakuna orodha itakayomaliza vitu vya barabarani. Mwaka 2018 kule Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka kwa miguu huku akisukuma baiskeli. Wachunguzi wa Marekani walieleza kwamba mtambo ulimgundua sekunde 5.6 kabla, lakini ukawa unambadilishia jina, mara gari, mara kitu kingine, mara baiskeli, na kila jina lilipobadilika ukaacha kuzingatia alikokuwa akipita. Kugunduliwa aligunduliwa, Bwana Fundi. Shaka ndiyo iliyokosa mahali pa kuwekwa. Kwa ajili hiyo watafiti wa Queensland, Australia, walibuni kipimo cha PDQ (ubora wa ugunduzi kwa msingi wa uwezekano), ambacho huupima pamoja uwezekano uliopewa jina sahihi na ule uliotandazwa juu ya mahali kitu kilipo, na hukata alama kwa kila kitu kilichokosekana au kuzuliwa.

Mpimaji wa Bamburi: Lakini PDQ huhesabu kila kisanduku cha uongo kuwa kosa zima, hata kikiwa na uhakika wa asilimia 5 tu. Matokeo yake, watu huvitupa visanduku vya shaka kabla ya kupimwa ili alama zipande, na shaka tuliyotaka isemwe ndiyo inayofichwa.

Binti wa Kongowea: Hayo ya visanduku vya kutupwa nawaachia nyinyi. Mimi bado namjibu Fundi. Picha anazotaka ziongezwe zipigwe alfajiri sokoni, wakati mzigo umemfunika hamali hadi miguu tu ndiyo inayoonekana, na anayechora kisanduku awe mtu anayejua mzigo unaishia wapi na mtu anaanzia wapi.

Fundi wa Changamwe: Kwa hilo nakubali. Basi hamali wenyewe wachore, na aletaye mtambo awalipe.

Mpimaji wa Bamburi: Hamali wawili wakichora mpaka tofauti, tutamhesabia nani kuwa sahihi?